MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: UJIRA WA JEMBE NI SEHEMU YA ULINZI

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi la Ulinzi wa Taifa pamoja na polisi mnaotusikiliza kambini, vituoni na katika lindo.

Serikali iliyo na fungu la fedha na barabara ya kutengeneza ina njia mbili mbele yake. Inaweza kukodi katapila, likasukuma udongo kwa majuma machache, likaondoka na sehemu kubwa ya fedha ile pamoja na moshi wake. Au inaweza kuwaita mamia ya watu wa vilima vya jirani, wenye majembe, sururu na makoleo, wakaifanya kazi hiyo hiyo kwa miezi kadhaa, na kila mmoja akalipwa mkononi. Katika njia ya kwanza nchi hupata barabara. Katika njia ya pili nchi hupata barabara, na pia nyumba mamia kadhaa hupata chumvi, sabuni, karo ya shule na mbuzi wa kuanzia mfugo. Mtu akisikia hivyo atasema hakuna haja ya kufikiri mara mbili. Lakini historia, ya kwetu na ya wenzetu, inaonya kwamba njia hii ya pili ina masharti yake. Yakitimizwa, kazi ya umma huleta amani. Yakipuuzwa, kazi hiyo hiyo huzaa uchungu, na uchungu huo mwishowe hupelekewa askari ili autulize kwa bunduki. Ndiyo maana jambo hili si la wahandisi na wahasibu peke yao. Linawahusu pia walinzi wa nchi.

Tuitazame Makebuko, upande wa kusini-mashariki ya mji wa Gitega, eneo ambalo kwa miaka mingi, kabla ya mgawanyo mpya wa mikoa ulioanza kutumika mwaka 2025, lilikuwa tarafa ya mkoa wa Gitega. Ni nchi ya vilima, ya migomba na kahawa, ya maharage na mihogo, na mabonde yenye majimaji chini yake. Burundi nzima haifiki kilomita za mraba 28,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2008 ilikuta watu zaidi ya milioni nane. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, na la baba limegawanywa tena kwa wana. Kwa hiyo kijana wa Makebuko asiye na kazi hafanani na yule wa mjini anayezunguka na vyeti vyake mfukoni. Huyu ana jembe, ana nguvu, na ana hamu ya kulima. Asichokuwa nacho ni udongo wa kutosha kulima. Na inapofika kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hadi mvua zirudipo, hata kile kishamba alichonacho hakimpi la kufanya.

Lakini kiangazi hicho ndicho majira ya kutengeneza barabara. Mvua za vilimani hazina huruma kwa njia ya udongo: mfereji ukiziba, maji hupanda katikati ya njia, hukata mtaro, na katika msimu mmoja tu lori la kahawa au gari la wagonjwa halipiti tena. Kuizuia hali hiyo hakuhitaji maajabu. Kunahitaji njia iwe na mgongo ili maji yateremke pembeni, mifereji izibuliwe, makalvati yasafishwe, na changarawe ishindiliwe mahali palipolainika. Kazi hizo zote mkono wa mtu unaziweza. Tena zikipangwa kwa kipande, yaani kila mtu akapimiwa sehemu yake ya siku, mwenye bidii humaliza mapema akarudi shambani kwake. Basi mikono ipo na kazi ipo. Kinachobaki ni fedha, na namna ya kuilipa.

Sasa, ndugu wasikilizaji, turudi nyuma kidogo. Si mara ya kwanza watu wa vilima hivi kuitwa barabarani. Wajerumani walijenga kituo chao Kitega mwaka 1912. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa, kisha wakakabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa waitawale kwa niaba yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 barabara nyingi za nchi hii zilichongwa kwa mikono. Baada ya njaa kubwa ya mwisho wa miaka ya 1920, gavana Charles Voisin alihimiza barabara ili chakula kiweze kusafirishwa, na akahimiza mazao ya lazima. Juu ya karatasi, hoja hiyo ilikuwa na maana. Lakini mtawala hakumwita mtu kwa ujira. Aliagiza idadi ya watu kwa chifu, chifu akaagiza kwa mtwale, na aliyechelewa alikutana na kiboko. Mtu yule yule aliyechimba barabara bila malipo alidaiwa kodi kwa fedha taslimu, fedha ambayo barabara ile haikumpa.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watu walipiga kura kwa miguu yao. Maelfu walivuka mipaka kwenda Uganda katika mashamba ya pamba na kahawa, na Tanganyika katika mashamba ya mkonge, kule walikoitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba katika daftari la bwana shamba. Kazi ya manamba haikuwa raha hata kidogo, lakini mwisho wa mwezi palikuwa na shilingi, na mtu aliweza kurudi nyumbani na kodi yake na nguo ya mkewe. Wasiokimbia, wengine waliinuka. Mwaka 1934, kaskazini-magharibi ya Urundi, mwanamke aitwaye Inamujandi aliongoza uasi ambao miongoni mwa sababu zake zilikuwa ni uzito wa kodi na kazi za lazima. Uasi ule ulizimwa kwa nguvu za silaha. Walioamrishwa kuuzima walikuwa ni askari, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameipanga kodi ile wala kazi ile.

Zingatieni jambo hili la lugha. Neno kazi lilitoka katika Kiswahili likaingia katika lugha za Ruanda-Urundi likawa akazi, na enzi zile lilitaja kazi ya shuruti, jambo la kukimbiwa. Leo kijana wa Gitega akisema anatafuta akazi, anatafuta riziki. Neno ni moja na jembe ni lile lile. Kilichogeuza maana yake ni ujira. Hilo ndilo sharti la kwanza: kazi ya umma isiyolipwa haiondoi ukosefu wa kazi, hata ikiwa na manufaa makubwa namna gani kwa taifa. Kazi za pamoja za siku ya Jumamosi zina heshima yake. Zimejenga madarasa na zahanati, na zimewakutanisha watu waliokuwa hawaonani uso kwa uso baada ya vita. Lakini tusizichanganye na dawa ya umaskini. Mwenye kazi yake hutoa Jumamosi kama zawadi. Asiye na kazi akiitoa Jumamosi hiyo, jioni hurudi katika nyumba ile ile isiyokuwa na kitu. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko.

Sharti la pili tunajifunza Ufaransa. Mwezi Februari mwaka 1848 mfalme aliangushwa mjini Paris, na serikali mpya, katika shauku ya siku zile, ikaahidi kazi kwa kila raia. Ikafungua karakana za taifa. Watu wakamiminika, na kufikia mwezi Juni walioandikishwa walikuwa wamepita 100,000. Lakini kazi yenyewe haikuwa imeandaliwa. Wengi walilipwa kwa kukaa, wengine kwa kuhamisha udongo usiokuwa na haja ya kuhamishwa. Walipa kodi wakanung'unika, na wafanyakazi wenyewe wakajiona wamedhalilishwa, kwa maana fundi hapendi kulipwa kwa kujifanya anafanya kazi. Kisha tarehe 21 Juni amri ikatolewa ghafula: vijana wasio na wake waingie jeshini, na waliobaki wajiandae kupelekwa mikoani. Siku mbili baadaye vizuizi vya mawe vilikuwa vimejengwa mitaani. Jenerali Cavaignac akakabidhiwa mamlaka, na kwa siku nne askari wa Ufaransa waliwapiga risasi Wafaransa wenzao. Maelfu walikufa. Kwa hiyo kazi ya umma sharti iwe kazi ya kweli, inayoacha kitu cha kuonekana, na mwisho wake sharti ujulikane tangu mwanzo. Anayefungua mlango bila kuandaa chumba, kisha akaufunga usiku bila kuaga, asishangae kusikia mlango ukivunjwa.

Sharti la tatu lina mfano uliowahusu wanajeshi wenyewe. Nchini Marekani, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, askari wazee waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wameahidiwa bahasha yao ilipwe mwaka 1945. Mwaka 1932, wakiwa hawana kazi na watoto wana njaa, karibu watu 20,000, pamoja na familia zao, walikwenda Washington kuomba walipwe mapema, wakajenga vibanda pembezoni mwa mji. Tarehe 28 Julai jeshi, chini ya Jenerali Douglas MacArthur, likawatawanya kwa farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na vibanda vikateketezwa. Askari wa leo alimpiga askari wa jana. Nchi nzima iliona aibu.

Mwaka uliofuata rais alikuwa mwingine, Franklin Roosevelt. Machi 1933 alianzisha kikosi cha kiraia cha kuhifadhi ardhi na misitu. Wazee wale wa vita waliporudi tena Washington mwezi Mei, waliambiwa kwamba nafasi katika kikosi hicho iko wazi kwao, na wengi wakajiandikisha. Jeshi lile lile lililotumwa kuchoma vibanda mwaka 1932 lilipewa mwaka 1933 kazi ya kujenga kambi, kupika chakula, kutunza afya na kulipa mishahara. Kufikia mwezi Julai 1933 vijana zaidi ya 250,000 walikuwa kambini. Miongoni mwa maafisa waliosimamia kambi hizo alikuwemo Kanali George Marshall, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi ya nchi kavu mwaka 1939. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Mpaka kikosi kilipovunjwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni tatu walikuwa wamepitia humo, wakapanda miti, wakazuia mmomonyoko, wakafungua njia. Kikosi hicho kilikuwa na kasoro zake, na iliyo kubwa ni kwamba vijana weusi walitengwa katika kambi zao. Lakini fundisho kwa mlinzi liko wazi: afisa anayejua kuhesabu makoleo na kulipa kwa daftari safi huilinda nchi kama yule anayejua kupanga doria.

Afrika ya Mashariki nayo ina mifano. Kenya ilianza mwaka 1974 mpango wa barabara za vijijini uliotegemea mikono ya wananchi, na maelfu ya kilomita yakafunguliwa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, lilisaidia mipango maalumu ya kazi za umma katika nchi kadhaa, zikiwemo Burundi, Rwanda na Tanzania, na kule Mto wa Mbu katika mkoa wa Arusha mifereji ya umwagiliaji ilitengenezwa chini ya mpango wa namna hiyo. Lakini nchi hiyo hiyo ya Kenya, ilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa Kazi kwa Vijana, ilikuta kwamba fedha zinaweza kupotea kabla hazijamfikia mwenye jembe. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilisimamisha mchango wake kwa sababu ya dosari za matumizi. Barabara ya mwaka 1974 na ile ya mwaka 2009 zilihitaji koleo la aina moja. Tofauti ilikuwa katika daftari.

Turudi nyumbani. Mwaka 2001, bunduki zikiwa bado hazijanyamaza katika vilima vyetu, Benki ya Dunia iliidhinisha fedha kwa Burundi za mradi wa kazi za umma na kuunda ajira, na utekelezaji wake ukakabidhiwa wakala uitwao ABUTIP. Utaratibu wake ulifuata mfano wa Senegal, iliyounda wakala wake, AGETIP, mwaka 1989: kazi hugawanywa katika mikataba midogo, wakandarasi wadogo wa hapa hapa hushindania, na mkazo huwekwa katika kutumia watu wengi kuliko mashine. Kisha yakaja matunda ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Majeshi yaliyokuwa yakipigana yaliunganishwa, Jeshi la Ulinzi wa Taifa na Polisi ya Taifa vikaundwa kwa sheria za Desemba 2004, na kuanzia mwezi huo wapiganaji walianza kuvuliwa sare, zaidi ya 20,000 kwa jumla katika miaka iliyofuata. Wengi wenu mliwajua kwa majina. Wengine wenu mlikuwa upande mmoja nao, na wengine mlikuwa upande wa pili.

Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya FNL. Wapiganaji wake 3,500 waliingizwa katika jeshi na polisi, na 5,000 wakarudishwa uraiani. Lakini palibaki kundi jingine, watu wazima wapatao 11,000 waliokuwa wamehusishwa na harakati zile bila kustahili kuandikwa kuwa wapiganaji. Hawa walikuwa hawana sare ya kuvua wala shamba la kurudia. Hapo ndipo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilipojaribu nchini Burundi utaratibu ulioitwa tatu mara sita. Mtu alifanya kazi za umma pamoja na jirani zake kwa miezi michache. Sehemu ya ujira wake aliitumia, na sehemu aliiweka akiba. Mwishoni, wale waliokubali kuungana katika kikundi na kuanzisha shughuli yao waliongezewa mpaka akiba ile ikawa mara tatu. Mtaona kwamba mpango huu ulijibu lile kosa la Paris. Haukuahidi kazi ya milele. Ulisema tangu siku ya kwanza kwamba barabara itakwisha, na ukamwandalia mtu mahali pa kukanyaga baada ya barabara kwisha. Baadaye utaratibu huo uliazimwa na nchi nyingine.

Na huko Muyinga, katika eneo la Buhinyuza, mradi wa kurejesha rutuba ya ardhi ulioidhinishwa mwaka 2018 uliwaleta wananchi katika kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko iliyokuwa ikipoteza udongo kila mvua. Kazi hii ina ubora mmoja unaoizidi hata barabara: kilichojengwa kinabaki katika shamba la aliyekijenga. Vilima vya Gitega vinapoteza udongo kama vile vya Muyinga, na mikono ya Makebuko haina upungufu.

Hata hivyo, tusijidanganye. Fedha nyingi za kazi hizi zimetoka nje, na cha nje kina siku zake. Umoja wa Ulaya ulisimamisha mwaka 2016 misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali, na haukuondoa vikwazo hivyo mpaka Februari 2022. Katika miaka hiyo sita mvua hazikusimama, na mifereji haikujizibua yenyewe. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwanzoni mwa kipindi hicho alikuwa na 24 mwishoni. Nchi inayotaka kazi za umma ziwe kinga ya amani haina budi kutenga fungu lake yenyewe, hata likiwa dogo, lirudi kila kiangazi bila kusubiri mgeni. Kilomita kumi kila mwaka, zinazolipwa kwa wakati, ni bora kuliko kilomita mia moja za mara moja na kisha ukimya. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu askari na polisi, mtauliza: sisi hatupangi bajeti wala hatuandiki orodha za vibarua, basi tunahusikaje? Mnahusika kwa mambo matatu. Kwanza, siku ya malipo. Fedha ya ujira inaposafirishwa kwenda kilimani, usalama wake uko mikononi mwenu, na ikifika pungufu, si karani peke yake anayepoteza heshima, bali dola nzima. Pili, orodha. Mara nyingi watu wanaotaka kazi huwa wengi kuliko nafasi, na ndipo hujitokeza mwenye kusema fulani ni wetu na fulani si wetu. Nchi hii imekwisha kulipa gharama ya maneno hayo, na ninyi mnaijua kuliko wengine. Mlinzi wa sheria asimame mahali ambapo mjane, mtu aliyerudi kutoka ukimbizini na mpiganaji wa zamani wanaitwa kwa bahati nasibu ile ile. Tatu, barabara yenyewe. Njia iliyofunguliwa kwa jasho la maskini isigeuzwe mahali pa kumtoza mwenye baiskeli ya ndizi kitu ambacho sheria haikukitaja. Atakayefanya hivyo atakuwa amelirudisha neno kazi katika maana yake ya zamani.

Ipo hesabu moja ambayo kila kamanda anaifahamu. Mtu asiye na kazi ndiye wa kwanza kufuatwa na yule anayesajili watu wa kwenda msituni. Msajili huyo hana mengi ya kutoa: ana ahadi, ana hasira ya kukopesha, na pengine ana mlo wa jioni. Serikali inayofika kwa kijana huyo kabla yake, na koleo mkono mmoja na ujira wa haki mkono wa pili, imeshinda pambano ambalo halitaandikwa katika kitabu chochote cha vita, kwa sababu halikupiganwa. Ushindi wa namna hiyo haumletei askari nishani. Humletea kitu kilicho bora zaidi: usiku wa lindo uliopita salama, na barabara nzuri ya kurudia nyumbani siku ya likizo.